Pepo Hayumo Ndani ya Maneti



Kwa miezi kadhaa sasa pendekezo moja limekuwa likizunguka katika vikundi vya vijana vya maparokia yetu, na mahali pengine limekwisha kugeuzwa kuwa sheria. Linasema hivi: kijana yeyote anayeonekana katika chumba cha michezo ya video, kile kinachoitwa mtaani sale ya Play, aondolewe katika kwaya, avuliwe kanzu ya mtumishi wa altare, wala asirudi mpaka apitie maombi ya kufunguliwa. Wanaolitetea ni watu wema. Wamewaona wanafunzi waliokuwa hodari wakishuka darasani, wamewaona wavulana wakiuza madaftari yao ili wapate noti ya kulipia mchezo mmoja zaidi, na wameogopa. Sisi nasi tunaogopa. Hata hivyo twasema bila kuzungusha maneno: sheria hiyo ni mbaya, haina mizizi katika mafundisho ya Mama Kanisa, na itamdhuru yule yule inayetaka kumwokoa.

Wengi wanaoihukumu sale hawajawahi kuvuka kizingiti chake, kwa hiyo tuingie pamoja. Ni banda la mbao lenye televisheni tatu au nne, PlayStation za zamani zilizokwisha kufunguliwa na kufungwa na fundi mara nyingi, na mabenchi yanayofanana kabisa na yale ya kanisani. Umeme unatoka kwa jirani kwa waya mrefu, na ukikatika jenereta ndogo inanguruma nyuma ya ukuta. Kila mmoja analipia mchezo wake. Aliyeshindwa anaachia maneti na kurudi kwenye foleni, aliyeshinda anabaki kiti chake. Wavulana ambao hawajawahi kufika mbali zaidi ya Sake au Uvira wanakutajia wachezaji wote wa Manchester City, pamoja na wale wa akiba. Wanacheka, wanataniana, wanaitana kwa majina waliyobandikana wenyewe. Katika mtaa ambamo giza huanguka saa kumi na mbili na nusu na umeme huja unapotaka, mara nyingi ndiyo nyumba pekee yenye mwanga.

Na ni nani wamo humo? Yupo mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, naye hataki mama yake amwone mapema. Yupo mtoto wa wakimbizi wa ndani ambaye familia yake ya watu wanane inalala katika chumba kimoja cha kupanga. Yupo kijana mwenye diploma ya Serikali, aliyeipata kwa jasho, na sasa ni mwaka wa nne anapeleka barua za kuomba kazi zisizojibiwa. Ukimwuliza mmoja wao anatafuta nini pale, hatakuambia kwamba anamtafuta shetani. Atakuambia: napitisha wakati. Tulitafakari neno hilo, kupitisha wakati, na linatuogopesha kuliko maneti. Kijana wa miaka kumi na saba anayetaka wakati upite tu, ili siku iishe na kesho nayo iishe, ana jambo moyoni ambalo hakuna mtu aliyemwuliza.

Hatusemi haya ili kuitetea michezo hiyo yote. Kuna yale tunayoyajua kuihusu, na ni vema vijana wayajue pia, kwa maana anayecheza bila kuyajua huchezewa.

Mpira wa uwanjani una mwisho. Dakika 90 zikitimia mwamuzi hupiga filimbi, na hata pasipo mwamuzi, giza likiingia hakuna anayeuona mpira. Mchezo wa mbegu na mashimo ambao wazee wetu waliucheza kivulini, kisolo kama wengine wanavyouita, huisha mbegu za mmoja zinapokwisha. Michezo mingi ya simu haina filimbi. Imetungwa kwa makusudi isiishe. Usipoingia leo, unapoteza zawadi ya leo. Ukiondoka katikati ya pambano, wenzako watatu wanaokutegemea wanashindwa kwa ajili yako. Na zawadi zenyewe haziji kwa kipimo cha juhudi. Zinakuja bila kutabirika, leo sanduku tupu, kesho sanduku tupu, keshokutwa silaha inayong'aa kama dhahabu. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikwisha kuonyesha, katika karne iliyopita, kwamba njiwa anayepata punje kwa nyakati asizoweza kuzikisia huendelea kudonoa muda mrefu kuliko yule anayeipata kwa utaratibu. Wanaotengeneza michezo hii wanalijua somo hilo vizuri sana. Ukiona huwezi kuweka simu chini saa sita za usiku, usidhani kwamba wewe peke yako ni dhaifu. Upande wa pili wa kioo wapo watu wenye elimu kubwa wanaolipwa mshahara ili usiiweke.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili na kuwakinga watoto wao. Ubelgiji, nchi ambayo historia imetufungamanisha nayo kwa namna chungu, iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya baadhi ya michezo ni kamari iliyokatazwa. Miongoni mwa michezo iliyotajwa ulikuwamo ule wa kandanda ambao vijana wetu wanaupenda kuliko yote. China mwaka 2021 iliwawekea wenye umri chini ya miaka 18 saa moja tu, jioni ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, pamoja na siku za sikukuu. Mtu aweza kubishana kuhusu ukali wa hatua hizo. Kwetu hakuna hata wa kubishana naye. Mama anakuta pesa za simu yake zimepungua, anamchapa mtoto, na jambo limeishia hapo.

Tuje sasa kwenye afya ya akili, ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Ulimwenguni zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya video. Unatambulikana kwa alama tatu zinazokwenda pamoja. Mtu hawezi tena kutawala lini aanze, lini aache na acheze kwa muda gani. Mchezo unapanda juu ya mambo mengine yote ya maisha, hata yale aliyoyapenda. Naye anaendelea, au hata kuongeza, ingawa anaona kwa macho yake mwenyewe hasara inayompata. Hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi kumi na miwili, na iwe imeharibu masomo, kazi au uhusiano wake na watu. Shirika hilo hilo linasema kwamba wanaofikia hapo ni sehemu ndogo tu ya wote wanaocheza. Kwa hiyo kijana anayekwenda sale Jumamosi, akacheza michezo miwili, akacheka na kurudi nyumbani kula, hana ugonjwa wala dhambi inayohitaji baraza. Sheria inayomweka kundi moja na yule asiyelala tangu juzi inaonyesha kwamba walioiandika hawakumtazama ama huyu ama yule.

Lakini yule asiyelala yupo, na tunamjua. Kwanza hupotea usingizi. Mwili wa kijana unaokosa usingizi usiku baada ya usiku hudai malipo: hasira ya ghafula, kusahau, kichwa kizito darasani, huzuni isiyo na sababu ya kutajika. Kisha hupotea watu. Anaanza kula peke yake, anajibu kwa neno moja, anaacha mazoezi ya kwaya kwa uongo mdogo. Kisha huja aibu, na aibu ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu amewadanganya wazazi, amekula pesa za mtihani, na kila akikumbuka anataka kusahau, na mahali anapojua kusahau ni pale pale. Ndivyo mduara unavyojifunga. Kumwita mbele ya kundi zima na kumvua kanzu ni kumwongezea aibu mtu anayezama katika aibu. Tunajiuliza ni nani aliyefikiri kwamba angeponea hapo.

Mara nyingi pia mambo huenda kwa mwelekeo mwingine, na hili wazazi wetu hawalisikii vya kutosha: huzuni ilitangulia, mchezo ukafuata. Vita viliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na kufika Bukavu katikati ya Februari. Kuna vijana waliolala chini ya vitanda wakisikiliza mabomu, waliopita asubuhi kando ya maiti njiani, waliomtafuta kaka bila kumpata. Wakarudi shuleni shule zilipofunguliwa, na mwalimu akaendelea na hesabu pale alipokuwa ameishia. Wakarudi katika jumuiya, na huko tukasali rozari kwa ajili ya amani, tukafanya vema, lakini hatukuwauliza wanaota nini usiku. Katika mchezo kuna vita pia, ndiyo, ila humo kijana ana silaha, ana wenzake, na akianguka anaanza tena. Msishangae kwamba anapenda kukaa katika dunia hiyo. Mganga mwenye busara anapoona mgonjwa anakunywa dawa mbaya, huuliza kwanza ni maumivu gani anayojaribu kuyatuliza.

Basi twafika kwenye pepo. Wenzetu wanasema kwamba kijana asiyesikia, asiyelala, anayepiga kelele usiku akiwa na simu mkononi, ana kitu ndani yake. Na wanamwita mtu wa karama aje kukitoa. Sisi hatukani kuwapo kwa shetani, imani yetu inatufundisha kwamba yupo. Lakini Kanisa lililotufundisha hilo limetuwekea pia taratibu, na hapa hatuna ruhusa ya kuchagua tunachokipenda. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba hakuna awezaye kumtoa mtu pepo kihalali bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya Askofu wa mahali. Katekisimu, katika namba 1673, inatenga waziwazi ugonjwa, hasa ugonjwa wa akili, kuwa jambo la elimu ya uganga, na kudai tuhakikishe kwanza kwamba hatukabiliani na ugonjwa. Kiongozi wa vijana anayepanga maombi ya kufunguliwa katika sebule ya mtu, kwa kijana ambaye hajaonwa na muuguzi yeyote, anavunja utaratibu huo hata kama anapiga magoti kwa moyo safi.

Na kuna jambo zito zaidi. Katika nchi yetu ya Kongo tunajua neno linapowapeleka watoto. Watoto wengi wanaolala barabarani Kinshasa na kwingineko walifukuzwa nyumbani baada ya kuitwa wachawi. Ilianza hivyo hivyo, kwa mtoto mgumu, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto asiyesikia, na kwa mtu mzima aliyejua jina la haraka la kumpa. Leo tunasema pepo wa Play. Tunaomba kila msimamizi alipime neno hilo kabla halijatoka kinywani mwake, kwa sababu baba mwenye hasira na chakula kidogo nyumbani atalisikia kwa namna yake.

Tusome tena habari za nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtu huyu shujaa, aliyetoka kuwashinda manabii wa Baali, anatishwa na Yezabeli, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya kichaka na kuomba afe. Leo tungesema amevunjika moyo kabisa, na daktari angetaja jina la ugonjwa. Mungu alimfanyia nini? Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika amguse na kumwonyesha mkate wa moto na mtungi wa maji. Akala, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili na chakula. Baada ya usingizi na mlo ndipo Elia alipotembea siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini. Swali lilikuja mwisho, nasi tunaanza nalo, tena kwa sauti ya juu na mbele ya watu.

Kanisa letu wenyewe lina nyumba za kuwatibu waliojeruhiwa akili. Mafurere wa Upendo, walioanzishwa na Padri Petrus Triest mjini Ghent mwaka 1807, wamewahudumia wagonjwa hao katika miji yetu kwa miaka mingi: kituo cha SOSAME mjini Bukavu, Tulizo Letu mjini Goma, kituo cha Daktari Joseph Guislain mjini Lubumbashi. Watu wa mtaa huziita nyumba za wazimu, na familia hupita mbali zisionekane mlangoni. Hebu tufikiri: tuna vituo vya Kikatoliki vyenye wauguzi waliosomea jambo hili, nasi tunampeleka kijana wetu kwa jirani mwenye sauti kubwa.

Kuna wengine ambao sheria hii haiwataji kabisa, na ukimya huo unatukasirisha. Sale haijiendeshi yenyewe, ina mwenyewe. Na baadhi ya wenye sale ni waamini wenzetu, wanaoketi mabenchi ya mbele, wanaotoa sadaka nono siku ya mavuno. Ni wao wanaompokea mtoto mwenye shati jeupe na suruali ya bluu saa nne za asubuhi, siku ya masomo, na kuchukua noti yake bila kumwuliza kwa nini hayuko darasani. Ni wao wanaofumba macho wakubwa wanapowachezesha wadogo kwa dau. Mvulana wa miaka kumi na minne anavuliwa kanzu. Papa aliyechukua pesa yake anapokea Komunyo kwa utulivu. Na wale wazee wanaopiga kelele zaidi juu ya Play, ni wangapi kati yao wanaorudi usiku kutoka kutazama mpira wa Ulaya katika baa, wakiwa na karatasi ya kamari mfukoni? Kijana anaona. Hasemi, kwa heshima, lakini anaona.

Tuseme neno, kwa kupita tu, juu ya mashine yenyewe. Ndani ya simu na ndani ya PlayStation mna vipande vidogo vya tantali, ile metali inayotoka katika koltani, nayo koltani inachimbwa Rubaya, katika Masisi, kwa mikono na majembe, na miongoni mwa wachimbaji wamo vijana wa umri wenu. Mwaka 2000, mwaka ule ule ambao PlayStation 2 ilitolewa, bei ya koltani ilipanda sana duniani. Sababu zilikuwa nyingi, simu za mkononi zikiwemo, lakini milima yetu iliona watu wakiiacha mashamba ili kuchimba. Hivyo kijana mmoja wa Kivu anaichimba, na mwingine wa Kivu analipa ili kukisahau kile ambacho uchimbaji huo umekileta nyumbani kwake. Hatuna maelezo ya kuongeza juu ya hilo.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunadharau mchezo. Nabii Zakaria alipoiona Yerusalemu iliyorudishiwa amani, aliwaona wazee wameketi na fimbo zao katika viwanja vya mji, na njia zikiwa zimejaa watoto wavulana kwa wasichana wakicheza. Angalieni kwamba wote wamo katika njia ileile, wazee na watoto. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba kuna fadhila katika kucheza kwa kiasi, na kwamba mtu asiyejua kufurahi wala kuwaacha wengine wafurahi ana kasoro pia. Mtakatifu Yohane Bosko alicheza na wavulana wa Torino, na wanawe Wasalesiani, waliofika Lubumbashi mwaka 1911, walitujengea viwanja kando ya shule. Goma wote wanaijua Don Bosco Ngangi, ambako vita vikizuka watu hukimbilia, na vikitulia watoto hucheza mpira. Lakini katika maparokia mengi uwanja umekwisha kugawanywa viwanja vya kuuza au kujengwa maduka, na ukumbi umefungwa kwa kufuli siku sita ukingoja arusi ya Jumamosi, kwa sababu arusi inalipa. Tulipofunga ukumbi, mtu mwingine alifungua sale.

Siku hizi kila mtu anamtaja Mtakatifu Carlo Acutis, na ni haki, kwa kuwa alipenda kompyuta na michezo, naye alijiwekea kanuni ya kucheza saa moja tu kwa juma. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka kumi na mitano, na Papa Leo wa XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Tatizo letu ni namna tunavyomtumia kama fimbo: Carlo alicheza saa moja, wewe mbona siku nzima? Wanaosema hivyo husahau saa zilizobaki za Carlo. Alikuwa na Misa kila siku, marafiki, mbwa wake, filamu alizotengeneza, maskini wa mtaa aliowajua kwa majina, na nyumba yenye taa mjini Milano. Mtu mwenye mengi ya kufanya hujinyima mchezo kwa urahisi kidogo. Tukitaka vijana wajiwekee saa moja, tuwape cha kuzijaza nyingine.

Nasi tuna wa kwetu, aliye karibu zaidi. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka ishirini na sita, kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kipite mpakani na kuliwa na watu. Hilo linajulikana na wote, hasa tangu alipotangazwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Linalosahauliwa ni alichofanya baada ya kazi. Pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwaendea watoto wa barabarani, akaketi nao, akawapa wakati wake. Hakuwangoja waoge kwanza ndipo waje parokiani.

Nanyi vijana, msije mkajificha nyuma ya maneno yetu. Tumewatetea dhidi ya sheria mbaya, hatukusema kwamba hamna la kujibu. Kila mmoja anaweza kujiuliza, usiku, bila shahidi: juma lililopita nilitaka kuacha mara ngapi nikashindwa? Ni nani nimemdanganya ili nicheze? Mara ya mwisho nililala kabla ya saa sita ilikuwa lini? Majibu yakikuogopesha, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mama, yaya, mwalimu au padri katika kitubio, umwambie yote bila kupunguza. Weka simu katika chumba cha mwingine usiku. Ni jambo dogo na linasaidia kuliko viapo vikubwa. Na ikiwa wazo la kufa linakujia, sema leo hii, usingoje mkutano wa Jumapili. Papa Fransisko, alipokutana na vijana katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, aliwaomba watazame mikono yao, akakipa kila kidole maana yake. Kidole gumba alikipa sala, na kile kinachofuata alikipa jumuiya. Wenye maneti wanajua kwamba gumba ndilo linalofanya kazi nyingi kuliko vidole vyote. Tunataja jambo hilo kwa tabasamu, na kwa maana yake pia.

Tunawaomba wasimamizi wa vikundi waifute sheria hiyo katika mkutano wao ujao, kabla ya Jumatano ya Majivu. Tunawaomba mapadri paroko waongee kwa faragha na waamini wenye sale, wakubaliane nao mambo mawili tu, kwamba hakuna mwanafunzi atakayeingia saa za masomo na hakuna mchezo wa dau. Na anayekataa, asipewe kusoma masomo katika Misa. Tunaomba ukumbi ufunguliwe Jumanne na Ijumaa, tangu saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, na taa ziwake. Betri moja ya jua yatosha kwa taa nne. Kuwe na mpira wa meza, vitabu, ngoma, hata televisheni moja na maneti mbili ikiwa mtu atazileta, na kuwe na muuguzi atakayekuja mara moja kwa mwezi kuzungumza na anayetaka kuzungumza. Chama chetu kitatoa watu wazima wawili kwa kila jioni. Majina yao yatabandikwa mlangoni kwa sekretarieti.

Na wale waliokwisha kuondolewa, waendewe nyumbani kwao, mmoja mmoja, na mtu anayejua majina yao. Wasiitwe kwa tangazo baada ya Misa.